Philip Henry Gosse, mhubiri aliyepanda bustani ndani ya kioo

Wengi wetu tumekwisha kuona, katika hoteli au katika sebule ya mtu, sanduku la kioo lililojaa maji. Chini kuna mchanga na mawe, katikati majani mabichi yanacheza polepole, na samaki wadogo wanapita kati yake. Chombo hicho kinaitwa akwariamu. Wachache kati yetu wanajua kwamba mtu aliyelieneza jina hilo, na kuwafundisha watu wa kawaida namna ya kukitengeneza nyumbani, alikuwa mhubiri wa Injili, mtu wa kanisa dogo lisilo na wachungaji waliowekewa mikono.

Jina lake Philip Henry Gosse. Tunaandika maisha yake kwa kuwa ndani yake kuna furaha ya kweli ya kutazama kazi ya Mungu. Kuna pia jambo linaloumiza: mahali alipopapenda kuliko pote duniani paliharibiwa na watu ambao yeye mwenyewe aliwafundisha kupapenda.

Alizaliwa tarehe 6 Aprili 1810 katika mji wa Worcester, Uingereza. Baba yake, Thomas, alikuwa mchoraji wa picha ndogo za watu, akizunguka mji kwa mji kutafuta wateja, na mara nyingi alirudi na fedha kidogo. Mama yake, Hannah, alitoka katika familia maskini, na ndiye aliyeishika nyumba. Walihamia Poole, mji wa bandari, na huko mtoto alianza kuijua bahari. Shangazi yake, Susan Bell, ndiye aliyemwonyesha viumbe vya ufuoni, hasa yule mnyama laini aitwaye anemoni, anayefanana na ua: amejishika kwenye mwamba na kufungua mikono yake kama maua yanavyofunguka asubuhi.

Fedha za shule hazikutosha. Akiwa na miaka 17, mwaka wa 1827, alitumwa ng'ambo ya bahari hadi Carbonear, katika kisiwa cha Newfoundland ambacho leo ni sehemu ya Kanada, awe karani wa kampuni ya biashara ya samaki. Kazi ilikuwa kuandika hesabu kutwa. Mwaka wa 1832 mambo mawili yalimpata. Alinunua kitabu cha zamani juu ya hadubini, kile chombo cha kukuza vitu vidogo, akaanza kukusanya na kuchora wadudu. Na katika mwaka huohuo, habari za ugonjwa wa dada yake zilimtikisa sana, akampa Kristo maisha yake. Tangu hapo mambo hayo mawili hayakuachana ndani yake. Kwake, kumtazama mdudu vizuri kulikuwa namna moja ya kumwabudu Muumba.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kujaribu na kushindwa. Mwaka wa 1835 alikwenda Compton, Kanada, akalima shamba kwa miaka mitatu. Shamba halikumpa kitu ila daftari zilizojaa habari za wadudu na ndege. Mwaka wa 1838 alishuka mpaka Alabama, Marekani, akawa mwalimu wa watoto wa wenye mashamba ya pamba. Aliona watumwa wakipigwa. Moyo wake ulichukia jambo hilo, na baadaye aliandika wazi kwamba utumwa ni uovu mkubwa, lakini alipokuwa palepale alinyamaza kwa kuogopa wenyeji wake. Hatuwezi kuliruka jambo hilo kwa sababu tu mtu alikuwa mcha Mungu. Baada ya miezi kama minane aliondoka, na mwanzoni mwa 1839 akafika tena Uingereza, hana kazi, hana fedha, ana karatasi tu. Kutoka karatasi hizo kilitokea kitabu chake cha kwanza, juu ya viumbe vya Kanada, mwaka wa 1840.

Huko London alifungua shule ndogo, kisha akaanza kuishi kwa kalamu. Ndipo alipojiunga na wale walioitwa Ndugu wa Plymouth. Makanisa yetu ya Katanga yanawajua vizuri: Frederick Stanley Arnot, aliyefika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwezi wa Februari 1886, alikuwa mtu wa Ndugu hao, na kazi yake ndiyo iliyozaa makanisa ya Garenganze. Walikuwa watu wa Biblia tupu. Walimega mkate kila Jumapili, hawakuwa na cheo cha upadri, na walingoja kurudi kwa Bwana kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni mlangoni. Gosse alingoja hivyo mpaka siku yake ya mwisho.

Mwishoni mwa 1844 alifika Jamaika kukusanya ndege na wadudu, akakaa Bluefields karibu na wamisionari Wamoravi kwa mwaka mmoja na nusu. Aliyemsaidia zaidi ni kijana mweusi wa huko, Samuel Campbell, mwenye macho makali kuliko yake katika kumtambua ndege kwa sauti na mwendo. Gosse alilitaja jina la Campbell katika vitabu vyake na kumsifu. Wakati huo wasomi wengi wa Ulaya walitumia macho na miguu ya watu weusi, kisha majina yao yakapotea. Hili la Campbell limebaki.

Alirudi 1846. Tarehe 22 Novemba 1848 alimwoa Emily Bowes, mwanamke wa miaka 42, mshairi na mwandishi wa vijitabu vya Injili, mwenye ujasiri wa kuzungumza na mtu yeyote ndani ya gari la moshi juu ya wokovu. Mtoto wao Edmund alizaliwa tarehe 21 Septemba 1849. Katika daftari lake ya siku hiyo Gosse aliandika kuzaliwa kwa mtoto na, mara moja baada yake, kupokelewa kwa ndege mmoja kutoka Jamaika. Watu wamelicheka jambo hilo mpaka leo. Sisi tunaona tu karani wa zamani aliyezoea kuandika mambo ya siku moja kwa utaratibu yalivyofika.

Sasa tufike kwenye maji.

Jambo la kufuga viumbe vya majini ndani ya kioo halikuanza na Gosse, naye hakudai hivyo. Huko Sisilia, mwanamke Mfaransa aitwaye Jeanne Villepreux-Power alikuwa ametengeneza masanduku ya kioo ya kuchunguzia viumbe vya bahari tangu 1832. Huko London, daktari Nathaniel Ward alikuwa amegundua kwamba mimea inaweza kuishi muda mrefu ndani ya kioo kilichofungwa. Masanduku yake yalibeba miche kuvuka bahari zote, na mti wa kinini, ule ambao watu wa Kivu wanaulima, ulivushwa kutoka Amerika ya Kusini hadi Asia ndani ya masanduku ya namna hiyo. Mwaka wa 1846 mke wa padri mmoja mkubwa wa London, Anna Thynne, alileta marijani hai kutoka ufuo wa Torquay. Ili maji yasikose hewa, mtumishi wake wa kike alisimama kila siku karibu na dirisha lililo wazi, akiyamimina maji kutoka chombo kimoja hadi kingine, kwa nusu saa hadi robo tatu ya saa. Jina la mama huyo mkubwa tunalo. La yule mtumishi, ambaye mikono yake ndiyo iliyowapa viumbe pumzi, halitajwi katika habari hii.

Aliyepata jibu la kumpumzisha mtumishi alikuwa mwana-kemia, Robert Warington. Alifanya kazi yake kwa maji matamu, kama ya mito na maziwa yetu. Mwaka wa 1849 alichukua chombo cha kioo chenye kuingia lita 50 na zaidi, akaweka mchanga, tope na mawe, akapanda mmea uitwao Vallisneria, wenye majani marefu membamba kama utepe, kisha akaingiza samaki wawili wa rangi ya dhahabu. Samaki waliishi bila maji kubadilishwa. Mchana, kwa nguvu ya mwanga, majani yalichukua hewa chafu waliyoitoa samaki na kurudisha oksijeni. Lakini baada ya muda majani ya zamani yalianza kuoza, maji yakafifia, utelezi wa kijani ukafunika kioo. Mpango wote ulikuwa karibu kufa. Warington akaenda kutazama kwenye vidimbwi vya kawaida, akauliza ni nani huko anayesafisha, akarudi na konokono watano au sita. Konokono wakala majani yaliyooza na utelezi, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Mwaka wa 1850 alitangaza matokeo hayo mbele ya chama cha wana-kemia wa London.

Tunakaa kidogo hapa kwa sababu mmea wenyewe si mgeni kwetu. Vallisneria inaota katika Tanganyika, kwenye maji ya kina kidogo yenye mchanga, pamoja na mmea mwingine usio na mizizi, wenye majani kama mkia wa paka, ambao wataalamu wanauita Ceratophyllum. Wavuvi wa Uvira na Kalemie huondoa majani ya namna hiyo katika nyavu zao bila kuwaza kwamba huko Ulaya watu wanayanunua.

Gosse alifanya kwa maji ya bahari yale ambayo Warington alifanya kwa maji matamu. Mwaka wa 1852 kichwa kilikuwa kinamuuma kwa kazi nyingi, akashauriwa aondoke London. Familia ilikwenda pwani ya Devon, kwanza St Marychurch, kisha Ilfracombe. Sisi watu wa maziwa hatujui sana jambo la bahari kurudi nyuma na kujaa mara mbili kila siku. Inaporudi, miamba inabaki wazi, na katika mashimo ya miamba maji yanabaki kama bakuli, na ndani ya kila bakuli kuna bustani: mwani wa kijani, mwekundu na wa zambarau, anemoni, kaa wadogo, konokono, samaki wa urefu wa kidole. Gosse aliingia majini akiwa amevaa nguo zake nyeusi za heshima, mpaka kiunoni, akiwa na nyundo na patasi. Mwani hauna mizizi kama mahindi; umejishika tu kwenye jiwe. Kwa hiyo aliubandua pamoja na kipande cha mwamba wake, akakipanga kile kipande ndani ya kioo, na mwani ukaendelea kuishi kana kwamba haujahama.

Alijifunza haraka mwani gani unafaa. Ule mkubwa wa rangi ya udongo, unaofunika miamba yote, unaoza na kuchafua maji. Ule wa kijani, mwepesi kama karatasi, ndio unaotoa hewa nyingi na kudumu. Mwekundu aliupenda kwa uzuri wake, akaupa sehemu yenye kivuli. Alipanda kwanza, akangoja. Maji yalipokuwa safi, na vipovu vidogo vya hewa vikionekana kwenye majani, ndipo aliingiza wanyama, wachache wachache. Mtu aliyezoea kusoma sura ya kwanza ya Mwanzo haoni ugumu katika utaratibu huo: majani siku ya tatu, samaki siku ya tano.

Mwaka wa 1853 kilitoka kitabu chake juu ya pwani ya Devon, na katika mwezi wa Mei bustani ya wanyama ya Regent's Park, London, ilifungua nyumba ya samaki ya kwanza kwa watu wote, na viumbe vingi vya bahari vilivyokuwa humo vililetwa na Gosse. Mwaka wa 1854 kikatoka kitabu chenyewe, The Aquarium, chenye picha za rangi alizozichora kwa mkono wake. Kabla yake watu walisema maneno mengine marefu. Yeye alichagua neno hilo moja rahisi, nalo ndilo lililobaki katika karibu lugha zote, hata katika Kifaransa chetu. Mwaka huohuo alitangaza namna ya kuchanganya chumvi nne katika maji ya kawaida ili kupata maji yanayofaa viumbe vya bahari, hata mtu anayekaa mbali na pwani aweze kujaribu.

Kitabu kilimletea faida ya zaidi ya pauni 900, fedha ambazo hakuwahi kuziona. Wakati ulikuwa tayari. Kodi ya kioo ilikuwa imeondolewa Uingereza mwaka wa 1845, kioo kikawa cha bei nafuu. Gari la moshi lilifikisha watu ufuoni kwa saa chache. Akwariamu ikawa fasheni: kila nyumba ya watu wa hali ya kati ilitaka kuwa nayo sebuleni, na London ikapata maduka ya kuuza viumbe hai vya bahari. Mwaka wa 1855 Gosse na Emily waliwakusanya watu huko Ilfracombe, mabibi na mabwana, wakawaongoza kwenye miamba na kuwaonyesha wenyewe yaliyomo.

Labda kijana fulani wa kanisa zetu anasoma hapa na mikono inamwasha. Basi tuseme kidogo, kwa maji matamu. Mchanga uoshwe mpaka maji yatoke meupe, kisha ulazwe kwa mteremko: juu upande wa nyuma, chini upande wa mbele, ndipo jicho linaona mbali hata kama sanduku ni dogo. Mawe yapangwe kabla ya mimea, jiwe kubwa lisiwe katikati kabisa, na yote yasimame imara. Watu wa Goma wana bahati: mawe mepesi yenye matundu yaliyotoka Nyiragongo ni yale ambayo watu wa nchi nyingine wanayanunua dukani kwa kazi hii. Mimea mirefu ikae nyuma na pembeni, mifupi mbele. Mizizi ifukiwe, lakini shingo ya mmea, pale majani yanapoanzia, ibaki juu ya mchanga, ikizikwa inaoza. Maji yamiminwe polepole juu ya sahani ili yasichimbue kitu. Maji ya bomba yaliyotiwa dawa ya klori yalale kwanza siku moja ndani ya ndoo iliyo wazi. Sanduku lisiwekwe kwenye jua kali, maana maji yatageuka kijani kama supu ya lengalenga.

Halafu kungoja, na hapo ndipo wengi wanashindwa. Warington na Gosse walifikiri kwamba mimea, wanyama na konokono wanatosha kusawazisha mambo. Leo tunajua kwamba kuna watenda kazi wengine wasioonekana: bakteria wanaokaa kwenye mchanga na mawe, wanaogeuza sumu ya uchafu wa samaki kuwa kitu ambacho mimea inaweza kula. Wanahitaji majuma matatu mpaka sita kuzaana. Anayetia samaki siku ya kwanza anawaua. Anayengoja, akaanza na samaki wawili watatu, akibadilisha sehemu ya robo ya maji kila juma, atakuwa na bustani hai.

Turudi kwa Gosse. Mwaka wa 1856 alichaguliwa kuwa mshiriki wa Royal Society, heshima kubwa kuliko zote kwa mtu ambaye hakusoma chuo kikuu. Na mwaka huohuo Emily alikutwa na kansa ya ziwa. Walikuwa na njia mbili: kisu, wakati ambapo kupasuliwa kulikuwa hatari kubwa, au daktari mgeni aliyeahidi kuiondoa kansa kwa dawa ya kupaka, bila kisu. Wasomaji wetu wanawajua waganga wa ahadi za namna hiyo. Wakachagua dawa ya kupaka. Kwa miezi mingi Emily aliteseka vibaya sana, akisafiri kwenda na kurudi kwa matibabu, na njiani bado akigawa vijitabu vya Injili kwa abiria. Alikufa tarehe 10 Februari 1857, na Edmund alikuwa na miaka saba.

Gosse alihamia St Marychurch, karibu na Torquay, na mtoto wake. Aliongoza kusanyiko dogo la Ndugu hapo, watu wa kijiji, wakulima na watumishi wa nyumbani, akawahubiria na kuwatembelea miaka mingi. Na katika mwaka huo wa majonzi alitoa kitabu kilichomletea aibu maisha yake yote, kiitwacho Omphalos, maana yake kitovu kwa Kigiriki.

Swali lake lilikuwa hili. Wataalamu wa mawe walikuwa wanaonyesha kwamba dunia ina umri mkubwa sana, na ndani ya miamba kuna mifupa ya wanyama waliokwisha. Gosse, kwa jinsi alivyosoma Mwanzo, aliamini siku sita. Akajibu kwa hoja ya ajabu: Adamu aliumbwa mtu mzima, bila mama, lakini bila shaka alikuwa na kitovu. Mti wa Edeni uliumbwa siku moja, lakini ukiukata ungekuta duara za miaka ndani yake. Vivyo hivyo dunia yote iliumbwa ikiwa na alama za wakati uliopita ambao haukuwahi kuwapo, pamoja na mifupa ndani ya mawe. Alitazamia kwamba wasomi na waamini wote watafurahi. Hakuna aliyefurahi. Wasomi walicheka. Rafiki yake Charles Kingsley, mchungaji wa Kanglikana na mwandishi aliyempenda, alimwandikia kwamba hawezi kuamini Mungu aliandika uongo juu ya miamba.

Tunasema wazi kwamba tunaona Kingsley alikuwa na haki. Lakini hatumcheki Gosse. Alikuwa amemzika mke wake miezi michache iliyopita, na alikuwa akijaribu kushika pamoja vitabu viwili alivyovipenda, Biblia na uumbaji, bila kuachia hata kimoja. Kosa lake lilikuwa la mtu aliyetaka jibu lifungwe kabisa, kama kioo chenye kifuniko.

Baada ya hapo alirudi kwenye kile alichokijua. Kati ya 1858 na 1860 alichapisha kitabu kikubwa juu ya anemoni wa Uingereza, na hicho kiliheshimiwa na wataalamu kwa muda mrefu. Edmund alikwenda naye ufuoni, mtoto na baba wakiinama juu ya shimo moja la maji. Mwezi wa Desemba 1860 Gosse alimwoa Eliza Brightwen, mwanamke mpole aliyemlea Edmund kama wake.

Lakini ufuo ulikuwa umekwisha kubadilika. Watu waliosoma vitabu vyake walikuja kwa mamia, kila mmoja na nyundo na ndoo. Walivunja miamba, wakabandua mwani, wakang'oa anemoni ambao walikuwa hapo tangu kabla ya watu kujua kuwahesabu. Wengi wa wanyama hao walikufa ndani ya chupa kabla ya kufika London, au juma moja baadaye sebuleni, kwa sababu mwenyewe hakuwa na subira ya kupanda kwanza na kungoja. Edmund, alipokuwa mtu mzima, aliandika katika kitabu chake Father and Son cha 1907 jinsi mashimo yale yaliyokuwa bustani yalivyobaki matupu, na jinsi baba yake alivyoliona hilo kabla ya kufa na kuumia. Hakuna aliyetaka ubaya. Wote walivutiwa na uzuri uleule ambao Gosse aliuona kuwa ushuhuda wa Mungu, kila mmoja akachukua kidogo.

Jambo hilo halikubaki Devon. Tanganyika ina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamaa ya siklidi, karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani, na wanapendwa sana na wafugaji wa akwariamu wa Ulaya, Marekani na Asia. Mbelgiji Pierre Brichard aliwasafirisha kutoka Bujumbura kwa miaka mingi. Kuna samaki mmoja mkubwa wa buluu mwenye nundu kichwani anayeuzwa ng'ambo kwa jina la Moba, mji wetu wa Tanganyika, na wanunuzi wengi hawajui Moba iko wapi. Baadhi ya aina hizo zinaishi kwenye sehemu fupi tu ya ufuo wa mawe, hazivuki mchanga kwenda kwa jirani. Wapiga mbizi wachache wenye nyavu wanaweza kumaliza rangi moja ya samaki ambayo haitarudi. Kwa vijana wa pwani hiyo ni kazi yenye fedha, na fedha huko ni chache. Hatuwezi kuwaambia waache bila kuwaambia watakula nini. Lakini wazee wa makanisa ya Moba, Kalemie, Fizi na Uvira wanaweza kuuliza, katika vikao vyao, ni samaki wangapi wanatoka, kutoka mwamba gani, na nani anapata nini.

Miaka ya mwisho ya Gosse ilikuwa ya utulivu. Alilima maua ya okidi katika nyumba ya kioo. Alirudi kwenye maji matamu, safari hii kwa hadubini, akichora viumbe vidogo sana vya vidimbwini, na mwaka wa 1886 kikatoka kitabu juu yao alichosaidia kukiandika na C. T. Hudson. Edmund alikuwa ameondoka katika imani ya baba yake na kuwa mwandishi mashuhuri London. Barua nyingi za baba za kumwomba arudi zilimfuata huko. Kitabu cha Edmund kimemfanya baba aonekane mkali. Waliochunguza maisha yake baadaye wanasema alikuwa na upole na ucheshi zaidi ya mwana alivyokumbuka.

Usiku mmoja wa baridi alikaa karibu na dirisha lililo wazi akitazama nyota kwa darubini, akapatwa na baridi ya kifua ambayo haikumwacha. Alikuwa na hakika kwamba Bwana atarudi kabla yeye hajafa, na siku zilipozidi kwenda bila hilo kutokea, lilimsumbua kuliko ugonjwa. Alikufa tarehe 23 Agosti 1888, nyumbani kwake St Marychurch, mwendo mfupi kutoka ufuoni.